Ametikisika ubongo mara mbili muhula huu: arudi uwanjani?

MamaBaraka
Habari zenu wanajukwaa. Mwanangu ana miaka 16 na anacheza raga shuleni. Muhula huu amegongwa kichwa mara mbili, na mara ya pili alimwagiwa maji akarudishwa mchezoni. CT skani haikuonyesha tatizo, lakini hii ni wiki ya tatu hawezi kumaliza ukurasa mmoja bila kuumwa kichwa, na jana aliniuliza nani amepika chapati, ilhali ndiye aliyezisukuma. Je, hali hii itaisha?

Tabibu_Mstaafu
Pole, mama. CT skani hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, lakini mtikisiko huvuruga utendaji wa seli, jambo ambalo picha ile haioni. Vijana wengi hupona ndani ya mwezi mmoja hivi. Huyu, kwa kuwa anasahau, aonwe tena na daktari wiki hii. Hatari kubwa ni kugongwa kabla hajapona. Rowan Stringer, nahodha wa timu ya raga ya shule yake huko Ottawa, Kanada, alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 17, baada ya kugongwa kichwa zaidi ya mara moja ndani ya wiki moja, na mwaka 2018 jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake. Masomo yatangulie, kisha mbio nyepesi, kisha mpira. Kukabana kuje mwisho kabisa, kwa ruhusa ya daktari.

NambaNane
Kuhusu miaka ya mbele: mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walieleza kwamba kati ya bongo 152 za wanamichezo waliofariki kabla ya kutimiza miaka 30, 63 zilikuwa na CTE, ugonjwa ambao protini iitwayo tau hurundikana ubongoni na ambao huthibitishwa baada ya kifo tu. Usiisome hesabu hiyo kama ya wachezaji wote, maana nyingi zilitolewa na familia zilizokwisha kuona dalili. Kinachohesabika zaidi ni miaka ya kugongwagongwa, hata kule kusikoleta maumivu, kwa hiyo uliza wanakabana mazoezini mara ngapi kwa wiki. Mimi nilikuwa nikificha kizunguzungu ili nisikose namba.

MamaBaraka
Asanteni sana. Kesho tunarudi kwa daktari, na barua yake nitaipeleka shuleni mwenyewe. Baraka amenuna, fainali ni Jumamosi.