Magazini (kasha la risasi linalopachikwa kwenye bunduki) ya risasi 30: ni haki ya kikatiba Marekani au jimbo linaweza kuizuia?

Mleta mada:
Wakuu, naishi jimbo la Illinois, Marekani, na jambo hili linaniumiza. Julai 4, 2022, pale Highland Park, familia zilikuwa zimepanga viti kando ya barabara zikitazama gwaride la sikukuu ya uhuru. Kijana akapanda juu ya paa, akafyatua risasi 83. Watu 7 wakafa. Januari 2023 jimbo likapiga marufuku bunduki za aina ya AR-15 (bunduki ndefu inayofyatua risasi moja kila unapovuta kifyatulio na kujipakia yenyewe), na magazini za kubeba risasi zaidi ya 10 kwa bunduki ndefu au 15 kwa bastola.

Kesi zikafunguliwa mwezi huohuo. Novemba 2023 mahakama ya rufaa ikaiacha sheria isimame. Mwaka mmoja baadaye Jaji Stephen McGlynn wa mahakama ya chini ya shirikisho akaibatilisha, serikali ikakata rufaa, na sheria ikaendelea kutumika. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo, Juni 2, 2025, ilikataa kusikiliza kesi za namna hii kutoka Maryland na Rhode Island, ingawa Jaji Kavanaugh, mmoja wa majaji wake, aliandika kwamba suala la AR-15 walishughulikie ndani ya muhula mmoja au miwili.

Kuhusu bunduki zenyewe tunaweza kubishana hadi asubuhi. Mimi nang'ang'ania magazini. Kumbukeni Tucson, jimbo la Arizona, Januari 2011, nje ya duka kubwa la vyakula. Magazini ya risasi 33 ilipokwisha, muuaji akatoa nyingine aipachike. Mama wa miaka 61 aliyekuwa amelala chini akainyakua, wanaume wakamkandamiza muuaji palepale. Watu 6 walipoteza maisha, akiwemo mtoto wa miaka 9. Je, kama ingekwisha kwenye risasi ya 10?

Mchangiaji:
Pole mkuu, lakini Highland Park ilikuwa na marufuku yake tangu 2013. Ilimzuia nani? Kesi ya Heller ya 2008 katika Mahakama ya Juu, kuhusu haki ya kikatiba ya kumiliki silaha, ililinda silaha ambazo raia wema wanazitumia kwa kawaida, na AR-15 ziko mikononi mwa mamilioni. Kesi nyingine ya mahakama hiyohiyo, Bruen ya 2022, ikaongeza: serikali ioneshe sheria ya namna hiyo katika historia ya nchi. Haijaonesha. Halafu mimi nafanya zamu ya usiku, mke wangu analala na watoto peke yao. Watu watatu wakivunja mlango, na yeye asimame abadilishe magazini gizani?

Mleta mada:
Ndugu yangu, hilo la shemeji ni zito na silikwepi. Sheria ya hapa inamwachia bastola yenye risasi 15. Hilo la mji, bunduki ile ilinunuliwa kihalali nje ya Highland Park, ndiyo sababu ikabidi jimbo zima lichukue hatua. Na hiki kipimo cha "mamilioni wanazo" kinanisumbua kweli. Maana yake kiwanda kikiwahi kuuza kabla wabunge hawajakaa, kimeshinda kesi. Historia nayo? Mwaka 1791, haki hiyo ya silaha ilipoingizwa kwenye katiba, mtu alipakia baruti na risasi moja, akafyatua, akaanza upya. Nani angetunga sheria ya kuzuia risasi 30?

Yule wa juu ya paa alikuwa na magazini tatu za 30. Mkuu, nitajie raia mmoja mwema aliyekwama nyumbani kwake kwa sababu 15 hazikumtosha, tuanzie hapo.