"Ukishuka utapona": maneno haya yaliyonifikisha wodini nayaweka hapa kwa hasira zote

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Naandika kidogo kidogo kwa sababu nikikaa sana pumzi bado inakata, mnivumilie.

Desemba tulipanda Kilimanjaro kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru, watu 14, njia ya Marangu, siku tano. Tuliuziwa tano kwa sababu ada za hifadhi zinahesabiwa kwa siku, ukipunguza siku bei inashuka. Ile siku ya ziada pale Horombo, kambi ya katikati ya njia, ya kutembea mpaka kwenye mawe ya pundamilia na kurudi kulala ili mwili uzoee hewa, ilikatwa na hakuna aliyetuambia kazi yake ni nini. Hilo nalitaja napita, maana huko juu sina ugomvi na mtu. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, walibeba mizigo yetu kwa moyo, kila jioni tulipimwa oksijeni kidoleni na namba zikaandikwa daftarini. Tarehe 9 alfajiri nilisimama kilele cha Uhuru, mita 5,895, nikalia kwa furaha.

Ugomvi wangu unaanzia getini, siku ya kushuka.

Nilishuka nakohoa, kikohozi kikavu, na pumzi fupi hata kwenye njia ya tambarare. Nikamwambia kiongozi wa msafara wetu. Jibu lake: "Dada, hilo ni vumbi na baridi. Mlima unauacha hapa hapa getini. Ukifika Dar kwenye hewa nzito utapona." Nikapewa cheti, tukapiga picha. Kile kipimo cha kidole kilishafungwa kwenye begi. Siku nne mnanipima kila jioni, halafu pale chini ambapo namba ingesema jambo la maana, mnakifunga?

Kesho yake basi, Moshi mpaka Dar, karibu masaa kumi na moja kiti cha dirishani. Sikunywa maji, niliogopa kusumbua watu kila saa nataka kuchimba dawa. Tunafika, kigimbi cha kushoto kinauma. Nikasema ni misuli ya mlima, nani angesema vingine?

Siku ya tatu nyumbani nilishindwa kupanda ngazi. Naishi ghorofa ya tatu. Nilikaa kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza na kapu langu la nyanya, moyo unakimbia kama nimefukuzwa. Mwanangu wa miaka saba akaniuliza, "Mama, umekula zambarau? Midomo yako imekuwa zambarau." Nilikuwa sijala kitu tangu asubuhi.

Nikaenda kwenye kituo cha afya cha jirani. Kidole kikapimwa, oksijeni asilimia 88. Mhudumu akauliza, mlimani ilikuwa ngapi? Nikamwonyesha picha ya daftari kwenye simu, Horombo, 88. Akasema, "Basi ni ile ile, itapanda yenyewe taratibu." Nikarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi na antibiotiki.

Jamani! Horombo ni mita 3,720. Kule 88 ni namba ya mtu mwenye afya njema, kwa sababu mgandamizo wa hewa umeshuka na kila pumzi unayovuta ina oksijeni kidogo. Dar tuko usawa wa bahari, mtu mwenye mapafu mazima anasoma 95 kwenda juu. Namba ni moja, lakini kule ni kawaida na huku ni dharura. Mtu aliyevaa koti jeupe hakulijua hilo, na mimi nililala na hiyo 88 usiku mzima, nimeegemea mito mitatu.

Asubuhi mume wangu akanibeba mpaka hospitali kubwa. Daktari kijana, Mungu ambariki, hakuuliza habari za mlima kwanza. Aliuliza nimekaa kwenye gari muda gani. Kama natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Ninavyo, miaka minne sasa. Mguu upi unauma. Akachukua tepu, akapima vigimbi vyote viwili, cha kushoto kimezidi sentimita nne. CT ya kifua, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili, ikaonyesha damu iliyoganda mguuni imesafiri mpaka kwenye pafu la kulia na kuziba mshipa.

Alinieleza hivi: mlimani unapoteza maji kwa kuhema, na zile tembe za Diamox, za kuzuia ugonjwa wa mwinuko, zinakukojoza, damu inakuwa nzito. Ongeza vidonge vya uzazi, ongeza masaa kumi na moja umekunja miguu. Hakuna aliyeniuliza hata kimoja kati ya hivyo kabla ya kunipandisha. Fomu yao iliuliza saizi ya viatu!

Na hili la "ukishuka utapona" najua lilikotoka. Kuna ugonjwa wa maji kujaa mapafuni kwa ajili ya mwinuko, unaua, na mgonjwa akiteremshwa na kupewa oksijeni huwa anapata nafuu haraka. Ni kweli kabisa. Lakini ndiyo maana mtu aliyeshuka na HAPATI nafuu, au ameanza kubanwa pumzi baada ya kushuka, inabidi atafutwe kitu kingine: damu iliyoganda, nimonia, pumu, moyo. Ninyi mmeigeuza kuwa dawa ya kumtuliza mteja apande basi aende zake.

Niliwapigia kampuni nikiwa wodini. Nikajibiwa, "Pole dada, mlima una watu wake." Nilifika kileleni! Nimelazwa siku sita, nadungwa sindano tumboni, sasa niko kwenye vidonge vya kuzuia damu kuganda, miezi mitatu isiyopungua.

Ninachotaka ni dakika mbili getini. Pimeni kidole cha kila anayeshuka anakohoa au anahema, muulizeni mguu, na namba ikiwa mbaya apelekwe hospitali ya Moshi kabla hajapanda basi. Kipimo mnacho tayari.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna kaka mmoja anaandika tangu juzi kwamba bado anakohoa na ngazi zinamshinda, na watu wanamjibu "vumbi hilo". Kaka, kama unapita hapa, nenda hospitali leo. Usingoje kesho.