Naombeni ushauri: mama aliugua kansa ya titi, je, nitume mate yangu yapimwe jeni?

DadaMwaloni:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 36, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mama alitolewa titi akiwa na miaka 43, yupo, namshukuru Mungu. Mama mdogo hakubahatika, tulimzika ana miaka 39. Kaka yangu yuko Uingereza, anasema kuna kipimo cha kuagiza mtandaoni: unatema mate kwenye kichupa, unatuma, wanakwambia kama una jeni ya kansa. Atalipa yeye. Nifanye? Halafu kuna kigololi nakigusa kwenye kwapa la kushoto tangu mwezi wa tatu. Hakiumi, nadhani ni kubeba ndoo tu.

NesiWaZamu:
Pole dada yangu. Jambo kubwa umeliweka mkiani. Kigololi kisichouma ndicho cha kuwahi! Kipimo cha jeni kinaeleza hatari uliyozaliwa nayo, hakisemi hicho kigololi ni nini. Hilo linajibiwa na utrasaundi, na kinyama kikichukuliwa kwa sindano kisomwe kwa darubini. Nenda hospitali ya Bugando wiki hii.

Jeni zenyewe ni BRCA1 na BRCA2, kazi yake kukarabati DNA (uzi wa urithi ndani ya seli) iliyokatika. Mwanamke akirithi moja yenye kasoro, takriban 7 kati ya 10 hupata kansa ya titi kabla ya kutimiza miaka 80. Kila mtoto, hata wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Ila anayepimwa kwanza ni mama. Kwake ikionekana, kwako watatafuta hiyohiyo. Ukianza wewe ukaambiwa huna, hutajua kama umenusurika au kasoro ya ukoo wenu haikutazamwa kabisa.

MtuWaMaabara:
Vipimo vingi vya mate vya mtandaoni hukagua vipande vichache tu vya jeni hizo. Na kuna jambo linaniumiza: hifadhi za jeni duniani zina sampuli chache mno za Waafrika, kwa hiyo sisi hurudishiwa mara nyingi zaidi jibu la "badiliko lisilojulikana maana". Mtu hakatwi titi kwa karatasi kama hiyo. Ukifika wakati wa jeni, pitia kwa daktari wa saratani, zisomwe nzima.

MamaKIgoma:
Mdogo wangu, mimi zahanati moja waliniambia ni maziwa yameganda. Miezi minane nikakanda na maji ya moto, kikafika kama limau. Nimemaliza dripu za dawa ya kansa mwaka jana. Pesa ya kaka ianze na utrasaundi.

NesiWaZamu:
Na mwombe mama majibu ya kinyama chake. Yakiwa yameandikwa vipokezi vyote vitatu hasi (yaani seli za kansa yake hazina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, wala HER2 kwa wingi), madaktari huishuku zaidi BRCA1.

DadaMwaloni:
Nimesoma mikono inatetemeka. Nimempigia mama sasa hivi, karatasi anazo, zimo kwenye sanduku la vitenge. Anatoka Sengerema na basi la alfajiri. Jumatatu tunaenda wote wawili.