Mavyaa anampikia mtoto kwa kidonge cha mchuzi na chumvi, nifanyeje?

Mama Yusra, Tanga

Assalaam aleikum, na habari za leo wapendwa. Naombeni ushauri, hasa nyie mliolea watoto mkiishi nyumba moja na wakwe.

Yusra ana mwaka na miezi saba. Mchana mimi niko dukani, yeye anashinda na bibi yake, mavyaa wangu. Ni mama ninayemheshimu sana, na kwa kweli bila yeye nisingeweza kufanya kazi. Mtoto anapikiwa kisufuria chake peke yake: wali uliopondwa, viazi vya nazi, mchuzi wa changu, siku nyingine bamia. Ila kila kisufuria lazima kitiwe kidonge kizima cha kuungia mchuzi, halafu na chumvi juu. Juzi niliuonja ule mchuzi, chumvi imekolea kupita ya chakula chetu watu wazima.

Nikamwambia kwa adabu, "Mama, tumpunguzie kidogo." Akanijibu, "Mtoto halishwi chakula chapwa. Atakuwa mlegevu. Na joto hili, jasho lote hili linalomtoka, chumvi atairudisha na nini?"

Usiku nikimpikia mwenyewe bila kidonge anakitema. Anafumba mdomo, anageuza shingo, mpaka nampa nyonyo alale. Naumia, kwa sababu naona anaanza kuchagua chakula mapema mno.

Nataka kujua: mtoto wa umri huu chumvi yake ni kiasi gani? Hilo la jasho lina ukweli? Na kliniki walitusisitiza tutumie chumvi yenye madini joto (iodini), sasa nikiipunguza si nitamkosesha hayo madini? Sitaki ugomvi na mama mkwe, nataka njia.

Muuguzi wa zamani, Muheza

Waaleikum salaam mwanangu. Nimekaa kliniki ya mama na mtoto miaka mingi, na swali lako nimeulizwa na kina mama wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nitakujibu kwa urefu kidogo.

Kiasi kwanza. Mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, unasema mtoto wa mwaka 1 hadi 3 asizidishe gramu 2 za chumvi kwa siku, na aliye chini ya mwaka mmoja asifikishe hata gramu 1. Gramu 2 ni kama theluthi ya kijiko cha chai. Hiyo ni hesabu ya siku nzima, pamoja na iliyomo ndani ya mkate, samaki mkavu na biskuti. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2023 wa kulisha watoto wa miezi 6 hadi 23, linasema vyakula vyenye chumvi nyingi wasipewe kabisa. Yusra bado yumo humo.

Sasa chukua hicho kidonge. Vingi vina uzito wa gramu 4 hivi, na nusu yake au zaidi ni chumvi. Soma maandishi ya nyuma ya paketi: viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, na utakuta chumvi ndiyo ya kwanza. Kidonge kimoja kwenye sufuria ya watu sita hugawanyika. Kwenye kisufuria cha mtoto mmoja, ameshamaliza chumvi ya siku nzima kabla bibi hajafungua kopo la chumvi yenyewe. Kwa hiyo anza na kidonge. Ukikiondoa hicho tu, hata bibi akibakiza chumvi kidogo, umepiga hatua kubwa.

La jasho: mtoto anayetoka jasho anahitaji maji na maziwa. Chumvi inayomtosha iko ndani ya chakula chenyewe, kwenye mayai, samaki, maziwa, mkate. Ulegevu ambao bibi anauogopa ni kitu cha kweli, sikatai. Watu wazima wanaukumbuka kwa sababu wameona watoto wakilegea kwa kuharisha, wakatiwa nguvu na maji ya chumvi na sukari. Hapo nakuomba unielewe vizuri: mtoto akiharisha, ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, anapewa bila kusita, pakiti ikorogwe kwa maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, pamoja na zinki siku 10 hadi 14. Asije mtu akamnyima mtoto ORS eti tunapunguza chumvi. Ile ni dawa.

Madini joto sasa. Swali hilo ni zuri. Usiache kununua chumvi yenye madini joto, ila usiiongeze ili upate madini. Wewe unayenyonyesha ukiila kwenye chakula chako, Yusra anayapata kwenye maziwa yako, na anayapata pia kwenye samaki wa bahari, mayai na maziwa ya ng'ombe. Angalia tu chumvi ya nyumbani inatoka wapi. Sisi wa pwani tuna mashamba ya chumvi hapa hapa, na ile inayopimwa kwenye magunia mara nyingi haijatiwa madini joto. Nunua ya paketi, itie kwenye kopo lenye mfuniko, isikae juani wala karibu na moto.

Kutema ni kwa sababu ulimi umezoea. Usibadilishe kwa siku moja. Wiki hii nusu ya kidonge, wiki inayofuata robo, halafu basi. Na akikataa, usimlazimishe, mpe tena kesho na keshokutwa. Mtoto anaweza kukataa kitu mara nane, kumi, na zaidi, kisha akakila kama hakuwahi kukikataa.

Baba Ima, Moshi

Mimi ndiye mpishi wa nyumbani kwetu, mke wangu anafanya kazi za zamu. Tunachofanya ni kupika sufuria moja, na mtoto anapakuliwa wa kwanza. Maharage yakishaiva, naunga kitunguu, nyanya, karoti na tui. Yakichemka vizuri nachota ya mtoto, naweka kwenye kibakuli chake na kufunika. Hapo ndipo natia chumvi yetu. Mtori ni hivyo hivyo: ndizi mshare, nyama, kitunguu, maziwa mwishoni, cha mtoto kinatoka kabla ya chumvi. Hakuna kisufuria cha pili wala kuni za ziada.

Naongeza kitu ambacho huku kwetu watu wanakisahau. Magadi. Kiburu, makande, mlenda, kila kitu kinatiwa magadi kiive haraka. Magadi nayo yana sodiamu, ile ile iliyo kwenye chumvi, ila ulimi hauionji kama chumvi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, yatalainika bila magadi.

Na kwa vitu vya dukani: ukiona paketi imeandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5 upate chumvi yenyewe. Soseji na zile krispu za viazi ukizipiga hesabu utaziacha dukani.

Bibi wa Wete

Mama Yusra, nakusalimu mwanangu. Mimi nina wajukuu, kwa hiyo nasema upande wa mavyaa wako.

Usimwambie amekosea. Yeye amelea mume wako kwa mikono ile ile, na ukimwambia chakula chake kinamdhuru mtoto utakuwa umemvunja moyo mtu aliyekaa jikoni tangu asubuhi. Muombe kitu. Mwambie, "Mama, zamani kabla ya vidonge hivi mlikuwa mnaunga vipi?" Mwache akuonyeshe. Mimi nimekua kidonge hakijulikani jikoni kwetu, na mchuzi ulikuwa unanukia mpaka kwa jirani.

Mfano mchuzi wa changu. Twanga kitunguu saumu na tangawizi kidogo, kaanga kitunguu maji mpaka kigeuke rangi ya asali, tia nyanya zilizoiva zikolee mpaka mafuta yajitenge. Tia bizari nyembamba ya kusaga, na manjano kidogo. Samaki aingie, tui jepesi kwanza, tui zito mwisho, kisha epua na ukamulie ndimu. Ndimu ndiyo inayomfanya mtu asiulize chumvi iko wapi. Siku nyingine weka embe bichi au ukwaju badala ya ndimu. Viazi vya nazi vitie iliki na mdalasini, mtoto atavipenda. Pilipili tu muachie mkubwa. Miiba itoe kwa vidole, usiiamini kwa macho.

Jambo la mwisho, dagaa. Wengi wanawapa watoto, na ni chakula kizuri. Ila dagaa wa huku kwetu visiwani huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Wa Kigoma na wa ziwani kwa kawaida huanikwa hivi hivi. Ukinunua sokoni onja mmoja. Ukisikia chumvi, wamwagie maji ya moto, waache kidogo, mwaga, rudia tena ndipo uwapike, na usitie chumvi nyingine. Ng'onda na papa mkavu mtoto wa umri huu asipewe, chumvi yao haitoki kwa kulowekwa mara moja.

Mama Yusra, Tanga

Wapendwa, asanteni sana. Bibi wa Wete, nimefanya ulivyosema. Nilimuuliza mavyaa zamani walikuwa wanaunga vipi, akacheka, akaniambia mama yake alikuwa anatumia embe kavu na kitunguu saumu basi. Jana amepika muhogo wa nazi kwa namna hiyo. Chumvi ametia kidogo, kidonge hakikuingia. Yusra amekula nusu bakuli, nusu nyingine kaitema. Bibi mtu amekasirika na hiyo nusu, lakini amesema kesho atajaribu kwa boga.

Muuguzi, nauliza kimoja: asubuhi anapenda boflo na chai ya maziwa. Boflo ina chumvi, nimwachishe?

Muuguzi wa zamani, Muheza

Hapana, usimwachishe. Kipande kimoja asubuhi kinatosha, bila siagi ya chumvi, na chai iwe maziwa matupu, kwa sababu majani ya chai yanazuia madini ya chuma. Siku nyingine mpe kiazi kitamu cha kuchemsha au ndizi mbivu, hivyo havina chumvi ya kutiwa kabisa. Ile nusu bakuli ni mwanzo mzuri. Mwambie mama mkwe asiache.