Naomba ushauri: Paladini anakosa sana mapigo kwenye Baldur's Gate 3

Wakuu, habari zenu. Niko Dodoma, nacheza Baldur's Gate 3 (gemu la kompyuta la vita vya zamu) kwenye Tactician, ngazi yake ngumu. Kikosi ni paladini mwenye upanga wa mikono miwili, kleriki, mchawi na mnyatiaji, wote levo 5.

Paladini ana Nguvu 17, levo 4 nikampa Great Weapon Master, kipaji cha kuwasha na kuzima: kikiwa kimewashwa unatoa 5 kwenye bonasi ya kushambulia, unaongeza 10 kwenye madhara. Hapo ndipo shida ilipo. Bonasi yake ya kushambulia ni +6, ukitoa 5 inabaki +1. Kumpiga adui mwenye kinga (AC) 17 kunataka kete ya pande 20 ionyeshe 16 kwenda juu, yaani pigo 1 kati ya 4. Nikizima, ni nusu kwa nusu, ila madhara yanashuka kutoka takriban 20 hadi 10. Kwa hesabu hiyo ni karibu sawa, lakini kila pigo linalokosa ni nafasi iliyopotea ya kutumia pigo takatifu (Divine Smite, madhara ya ziada ya paladini), na hiyo ndiyo inayoniumiza.

Nimejaribu Bless, uchawi wa baraka: unaongeza kete ya pande 4 kwenye kete ya kushambulia na unasaidia kweli. Tatizo kleriki akipigwa, umakini (concentration, unaoshikilia uchawi mmoja tu kwa wakati) unaweza kukatika, halafu nikitaka atoe Spirit Guardians, uchawi wa roho zinazoumiza maadui walio karibu naye, Bless inaondoka kwa sababu zote mbili zinadai umakini. Paladini anaweza kuitoa mwenyewe, ila yuko mbele anapigwa kila raundi.

Naomba kujua:
Nilipe Withers (mhusika wa kambini anayekupangia upya tabaka na uwezo) dhahabu 100 nibadilishe, Nguvu iwe 19 badala ya Great Weapon Master, au nibaki hivi na kukizima kipaji kwa maadui wenye deraya nzito tu?
Na umakini wa kleriki nyie mnauweka wapi, Bless au Spirit Guardians?