Unga wa kuchukua nafasi ya mlo: je, unamfaa mtu anayenyanyua vyuma?

Mkazi wa Mwanga:

Wanajukwaa, nawasalimu kutoka Kigoma. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, kazi yangu ni ya kukaa kitini kutwa, na nilipopima uzito mwanzoni mwa mwaka nilikuwa na kilo 96. Nilianza kunyanyua vyuma siku nne kwa juma, na muuzaji mmoja wa mtandaoni akanishauri niache chai ya asubuhi na chakula cha mchana, nikoroge unga wake kwa maji mara mbili kwa siku, kisha usiku nile kama kawaida. Nimefuata maelekezo hayo kwa wiki saba bila kukosa. Nimeshuka hadi kilo 90, jambo lililonifurahisha, lakini vyuma nilivyokuwa nikivinyanyua mara kumi sasa vinanishinda mara ya sita, choo kimekuwa kigumu, na ikifika saa kumi jioni natetemeka kwa njaa. Lebo inasema kila kipimo kina kilokalori 220 na protini gramu 20. Usiku nakula ugali wa muhogo kwa samaki aina ya mgebuka, au kwa mboga za majani zilizoungwa na mawese. Nilipomweleza muuzaji, alinijibu ninunue kopo jingine. Je, kosa liko kwenye unga au kwenye namna ninavyoutumia?

Afisa Lishe Mstaafu:

Ndugu yangu, unga wako sina ugomvi nao. Kiwango cha kimataifa cha Codex kuhusu vyakula vya kupunguza uzito kinataka kinachoitwa mbadala wa mlo kitoe kilokalori 200 hadi 400, na protini itoe kati ya robo na nusu ya nishati hiyo. Gramu moja ya protini ina kilokalori 4, kwa hiyo gramu zako 20 ni kilokalori 80 kati ya 220, yaani umo ndani ya kiwango kama lebo inasema kweli.

Kilichoharibika ni hesabu ya siku nzima. Vipimo viwili ni kilokalori 440, na hizo ndizo unazofanyia kazi tangu alfajiri na kwenda nazo kwenye vyuma. Hata usiku ukila sahani iliyojaa ya kilokalori 900, jumla haifiki 1,400, kiasi ambacho ni kidogo mno kwa mwanamume wa kilo 90 anayefanya mazoezi. Mwili unaponyimwa nishati kiasi hicho huchoma mafuta, lakini humega na misuli pia, na ndiyo maana uzito na nguvu vimeshuka pamoja.

Tena anayefanya mazoezi ya aina yako hushauriwa apate takriban gramu 1.2 hadi 2.0 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwako kima cha chini ni gramu 108. Unga unakupa 40, na hizo 68 zilizobaki unazidai kwa sahani moja ya usiku, ambayo nusu yake ni muhogo. Ugali wa muhogo ni mtamu, nami nimelelewa nao, lakini karibu wote ni wanga. Siku unayoula kwa mboga za majani pekee, misuli inalala njaa hata kama tumbo limejaa.

Bakiza kipimo kimoja tu, kwa mlo ule ambao kazi inakunyima nafasi ya kuula. Ukikikoroga kwa glasi ya maziwa badala ya maji utaongeza kilokalori zipatazo 150 na gramu 8 hivi za protini, ila kama maziwa hukusumbua tumbo, baki na maji na ule mayai mawili pembeni. Kuhusu choo, rudisha maharage na matunda, na unywe maji ya kutosha. Mwenye maradhi ya figo au anayetumia dawa za kisukari asianze haya kabla ya kumwona daktari.

Mama wa Kibirizi:

Mwanangu, mtu wa Kigoma kuagiza protini ya kopo ilhali dagaa wanaanikwa mlangoni pake, hilo limenichekesha kidogo. Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake unapata na madini ya chokaa. Gramu 40 tu, ambazo ni konzi mbili hivi, zinakupa protini ya kipimo chako kizima. Wachague walioanikwa kwenye chanja, kwani wale wa chini huja na mchanga, na usiwazamishe kwenye mawese: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta yoyote kina kilokalori zipatazo 120.

Mkimbiaji wa Ujiji:

Naunga mkono, ila unga tusiutupe. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia 15 Mei 2024 ili samaki wazaliane, wengi wetu tulirudi kwenye maharage, mayai na makopo ya unga. Tangu 2019 usajili wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa hiyo muuzaji asiyeweza kukuonyesha kwamba bidhaa yake imesajiliwa, mwache.

Mkazi wa Mwanga:

Nawashukuru nyote. Asubuhi nitakunywa chai kwa mayai na viazi vitamu, mchana nitabaki na unga kwa maziwa, na usiku ugali utakuwa wa dona pamoja na dagaa na maharage. Mama, nije mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kununua dagaa siku gani?

Mama wa Kibirizi:

Siku yoyote, isipokuwa zile za mwezi mpevu. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo mitumbwi hulala pwani. Nunua akiba ya wiki nzima kabla mwezi haujajaa.