RAM nne, kila moja nzima, zikikaa pamoja mchana zinaharibu kazi. Shida nini?

kamera_ya_tanga:
Wakuu, heshima mbele. Nahariri video za harusi, studio yangu ni chumba kimoja cha bati hapa Tanga. Kompyuta ni Ryzen 5 3600, bodi ina sloti nne. Nilikuwa na RAM mbili za DDR4, 8GB kila moja, spidi 3200, na mwaka mzima hazikuwahi kunisumbua. Mwezi uliopita nikaongeza mbili nyingine, 8GB na 3200 vilevile, ila kampuni tofauti. Asubuhi mambo safi. Ikifika saa nane mchana, joto limepanda, nikianza kutoa video ndefu inakatikia njiani: skrini ya bluu, au faili linatoka na vipande vya kijani usoni kwa bibi harusi. Nimezirudisha dukani, wakazipima mbili mbili, zote nzima. Muuzaji anasema "taiming hazijaelewana". Taiming ya nini? Si zote zinafuata saa moja ya bodi, yaani mapigo yaleyale?

kijana_wa_fomati:
Piga Windows upya mkuu, hayo ni madraiva tu.

mzee_wa_solda:
Acha Windows kwanza. Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iendeshe saa nane hiyohiyo, mlango umefungwa, kisha andika hapa biti zinazokosea.

Swali lako la saa ndilo lenye uzito. Enzi za SDRAM ya PC133, RAM za kabla ya DDR, ndiyo, kila kitu kilifuata saa ya bodi, kama daladala zote zinavyosubiri filimbi ya msimamizi wa stendi. Biti moja ilikuwa na nanosekunde 7.5, muda wa kutosha. Kwenye 3200 biti inapata pikosekunde 312 (nanosekunde moja ni pikosekunde 1000). Katika muda huo umeme kwenye bodi unatembea chini kidogo ya sentimita 5. Chukua rula upime kutoka prosesa hadi sloti ya mbali: biti ya kwanza haijafika, ya pili imeshaondoka. Filimbi ya stendi itamsaidia nani?

Ndiyo maana tangu DDR ya kwanza data inasafiri na konda wake. Konda huyo anaitwa DQS, na kila biti nane zina wa kwao. Yumo gari lilelile, foleni ni ileile, akigonga bati ndipo abiria wanashuka. RAM ikisomwa, DQS anatoka sambamba kabisa na data. Upande wa prosesa anacheleweshwa robo ya mzunguko wa saa, ili agonge biti ikiwa imetulia, siyo wakati inageuka. Achelewe kiasi gani hasa, hakuna mahali palipoandikwa. Kompyuta inatafuta yenyewe ukiiwasha, kabla nembo haijatokea: inaandika, inasoma, inasogeza kidogo, mpaka ijue inakosea wapi kushoto na wapi kulia, halafu inakaa katikati. Na zile njia za shaba zilizopindapinda kama nyoka karibu na sloti, watu wanadhani urembo. Ni waya mfupi umerefushwa ufike na wenzake.

Sasa umejaza sloti nne. RAM mbili zinaning'inia kwenye waya zilezile, mawimbi yanagonga na kurudi, ule muda ambao biti imetulia unabana. AMD wenyewe kwa Ryzen 3000 wanaahidi 3200 ukiwa na RAM mbili. Ukijaza nne wanashuka hadi 2933 kwa zenye ranki moja (ranki ni kundi la chipu zinazosomwa kwa pamoja), 2667 kwa zenye ranki mbili. Asubuhi mashine imejipima ikiwa ya baridi. Mchana ucheleweshaji umehama, na nafasi ya kuhamia hakuna.

kamera_ya_tanga:
Nimeendesha. Dakika ya 40 skrini ikaanza kujaa nyekundu. Biti zilizokosea kwa heksa (namba za msingi wa 16): 2000, 0800, 2400, tena 2000. Mbele yake sifuri tupu.

mzee_wa_solda:
Tazama hapo. 0800 ni biti ya 11, 2000 ni ya 13, 2400 ni ya 10 na ya 13 kwa mpigo. Zote ziko kati ya 8 na 15. Baiti moja, yaani biti nane, konda mmoja! Baiti saba nyingine hazijakosea hata mara moja. Chipu ingekuwa imekufa, ingekosea hata kule dukani. Ingia BIOS (mipangilio ya bodi), zima XMP, ile spidi ya juu iliyopangwa tayari ndani ya RAM, weka 2666 kwa mkono. Biti itapata pikosekunde 375.

binti_wa_maabara:
Shikamoo mzee. Samahani kuingilia uzi, SSD ya NVMe nayo ina konda?

mzee_wa_solda:
Marahaba. Haina. Kwenye PCIe, njia inayopitiwa na SSD hiyo, saa imefichwa ndani ya data yenyewe: mpokeaji anaipata kutokana na 0 kugeuka 1 na 1 kugeuka 0. Kwa hiyo biti zinavurugwa makusudi, usije ukapita mfululizo mrefu wa sifuri akapoteza mapigo.

kamera_ya_tanga:
Mrejesho. Kwa 2666 Memtest imezunguka mara nne, mchana kweupe, kosa hakuna. Harusi ya Pangani, video yenye urefu wa saa mbili na nusu, imetoka yote na bibi harusi ana rangi yake. Kutoa kumechelewa dakika chache, navumilia. Hizi mbili mpya niuze?

kijana_wa_fomati:
Ila Windows ungepiga tu.

mzee_wa_solda:
32GB inakufaa, kaa nazo. Siku ukiitaka 3200 yako, uza zote nne ununue mbili za 16 za pakiti moja, uziweke sloti ya pili na ya nne kutoka prosesa. Na hicho chumba kitoboe dirisha.